Niwaongeze mshahara wote, au niwaachishe kazi watatu?

Mpendwa Mshauri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina tanuri la mikate lenye wafanyakazi wanane. Watano wanakanda, wanakata madonge na kufunga mikate, nao nawalipa shilingi 130,000 kwa mwezi kila mmoja. Waokaji ni wawili, 200,000 kila mmoja. Msimamizi, ambaye sote tunamwita Mzee, anapata 280,000. Chakula cha mchana natoa mimi, posho (ugali) na maharagwe. Kazi inaanza saa tisa usiku na kwisha saa saba mchana, siku sita kwa wiki.

Baada ya Mei Mosi walikuja wote pamoja, Mzee mbele. Wanaomba asipatikane mtu anayelipwa chini ya 250,000. Hawakupiga kelele. Mzee alisema tu, "Mama, ng'ambo ya mpaka, Kenya, serikali imeweka kima cha chini cha mshahara. Sisi hapa tunamngoja nani?" Nilikosa jibu, nikawaomba mwezi mmoja.

Nakuwekea hesabu yangu wazi. Tunatumia mifuko miwili ya unga wa kilo 50 kwa siku, tunapata mikate 280 ya nusu kilo. Maduka nawauzia 2,500, wao wanauza 3,000. Kwa siku 26 ni 18,200,000. Mikate kama 12 kwa siku inarudi, mingine imeota ukungu, mingine imebonyea, hapo napoteza 780,000. Unga ni 9,360,000. Sukari, mafuta, hamira na chumvi 2,250,000. Kavera (mifuko ya plastiki) 440,000, kuni 900,000, umeme na maji 350,000, kodi ya nyumba 600,000, boda za kusambaza 700,000, chakula chao 300,000. Mishahara 1,330,000. Zinabaki 1,190,000, na SACCO, chama cha akiba na mikopo, inachukua 450,000 ya mkopo. Kinachobaki ndicho karo na chakula cha nyumbani kwangu. Nikiwaongeza wale watano 120,000 kila mmoja ni 600,000. Nitabaki na nini?

Mume wangu anasema ninunue mashine ya kukandia, 8,500,000, niwaachishe kazi wawili au watatu, wanaobaki niwalipe vizuri. Shemeji anasema nisifanye lolote mpaka sheria itoke, kwa sababu kazi Busia ni haba na hakuna atakayeondoka. Lakini mwaka huu pekee wakandaji wanne wameshaniacha, mmoja baada ya mwingine. Na katika hao watano waliopo, mmoja ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nikipunguza watu, nianze na nani? Nikimwacha yeye, wenzake watasema nini? Nikimtoa, nitamwambia nini marehemu?

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sijawaandikisha. Niliambiwa ni ya wenye wafanyakazi wengi.

Silali vizuri. Nisaidie.

Mwenye Tanuri, Busia

*

Mama mpendwa wa Busia,

Pole kwa usingizi unaokosa. Barua yako imeweka kila shilingi mezani, na hilo limeturahisishia kazi sote wawili, kwa sababu mazungumzo ya mshahara bila daftari huishia kwenye lawama. Nimekusikia hivi: unaogopa kwamba ukiwapa watu wako wanachoomba tanuri litafungwa, ukiwanyima utakuwa unawaonea, na njia ya katikati inakutaka uchague nani aende nyumbani, huku mmoja wao akiwa damu yako. Ni mizigo mitatu tofauti. Ikikaa pamoja kichwani inaonekana mmoja usiobebeka. Tuifungue.

Nianze na sheria, kwa sababu Mzee alikuuliza swali la haki. Kima cha chini kipo Uganda: 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984, kabla hata ya fedha yenyewe kubadilishwa 1987. Leo hakitoshi kununua mikate yako mitatu dukani. Mwaka 2017 bodi ya ushauri ilipendekeza 136,000, serikali haikutekeleza. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka kima kwa kila sekta, Rais akakataa kutia saini. Kwa hiyo shemeji yako anaposema ngoja sheria, anakuomba ungoje jambo ambalo watu wamelingoja kwa miongo minne. Na hata ile 136,000, kama ingepita, ingewaongeza watu wako 6,000 tu. Kenya nako, amri ya mishahara hutofautisha kazi na mahali: kiwango cha Nairobi si cha miji midogo. Usikubali wala usikatae ombi kwa kutazama ng'ambo tu.

Lakini kuna sheria ambazo hazikungoji, nazo zinabadilisha hesabu yako. Tangu marekebisho ya 2022, NSSF ni lazima kwa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Wewe unatoa asilimia 10 juu ya mshahara, mfanyakazi anakatwa 5, na fedha zinatakiwa zifike kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Aliyekuambia ni ya wenye watu wengi alikuwa na habari za zamani. Kwa mishahara ya sasa, sehemu yako ni 133,000 kila mwezi, na hiyo unadaiwa hata usipoongeza senti. Ukianza kuwakata bila kuwaeleza, mtu wa 130,000 atapokea 123,500 na kudhani umemwibia. Waeleze kwanza, kwa karatasi.

Jambo la pili ni saa. Sheria ya Ajira ya 2006 inahesabu wiki ya kazi kuwa saa 48. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Watu wako wanafanya saa 60. Kwa siku 26 ni saa 260, yaani 130,000 yako ni shilingi 500 kwa saa. Nakuomba uiandike namba hiyo pembeni ya daftari. Sikusudii kukuaibisha. Inakuonyesha tu kwamba ombi lao lina milango miwili: fedha kuongezeka, au saa kupungua. Anayefunga mikate hana kazi saa tisa usiku, mikate bado haijaiva. Akiingia saa moja asubuhi na wakandaji wakatoka saa tano, watu wengi watafanya saa nane au pungufu bila tanuri kupungukiwa mkate hata mmoja. Mama wa watoto wadogo anaweza kuuthamini usingizi huo kuliko 20,000. Umewahi kuwauliza?

Sasa hesabu yako ya 600,000. Kwa upande mmoja ni ndogo mno. Ukimpa mkandaji 250,000 huku mwokaji aliyekaa na moto miaka mingi anapata 200,000, mwokaji ataondoka, au atabaki akiwa amenuna mpaka mkate uungue. Kima kikipanda chini, waliopo juu husukumwa nao. Tuseme waokaji wawe 290,000 na Mzee 350,000. Nyongeza yote inakuwa 850,000, jumla ya mishahara 2,180,000, na NSSF yako juu yake 218,000. Mzigo mpya ni 1,068,000. Zinabaki 122,000 kabla SACCO haijaja na 450,000 zake. Kwa hiyo hofu yako haikuwa ya bure: ukiongeza yote mwezi ujao bila kubadilisha kitu kingine, utaanza kula mtaji wa unga. Na wao hawatapokea 250,000 kamili. Itatoka NSSF 12,500, na kwa kuwa kizingiti cha kodi ya mshahara kilichowekwa 2012 ni 235,000, itatoka na 1,500 ya kodi. Mkononi ni 236,000, bado ushuru wa huduma wa serikali ya mtaa. Ukiwaambia 250,000, wataje hayo mapema.

Kwa upande mwingine hesabu hiyo inakuogopesha kuliko inavyostahili, kwa sababu unadhani mshahara ndio unaokula mali yako. Tazama tena: mishahara yote ni kama asilimia 7 ya mauzo. Unga ni zaidi ya nusu. Shilingi nyingi zinapotea kwenye unga, na anayezipoteza ni mkono usio na mizani.

Mfuko wa kilo 50, maji lita 27 na nusu, sukari kilo 4, mafuta 2, hamira nusu kilo na chumvi gramu 800 hutoa donge la karibu kilo 85. Toa kilo moja au mbili za uvukizi na zinazoganda mezani, zinabaki 83. Mkate wa gramu 500 unahitaji donge la gramu 560, kwa kuwa moto huondoa maji kama sehemu moja ya kumi. Ungepata mikate 148. Wewe unapata 140, maana yake madonge yako yana wastani wa gramu 593. Zile gramu 33 unampa mteja bure bila yeye kujua. Ni mikate 16 kwa siku, 40,000, na kwa mwezi 1,040,000. Umeiona? Inakaribia kabisa mzigo mpya tuliouhesabu juu.

Sitaki uibebe namba hiyo kama iko mfukoni tayari. Mikate 16 ya ziada lazima iuzwe, na mizani ina makosa yake: donge jepesi mno litakupa mkate wa gramu 480 wenye maandishi ya 500, na hilo ni kosa la vipimo. Hesabu nusu yake. Nusu ya pili iwe faraja ikija.

Mikate inayorudi nayo ni 780,000, zaidi ya nyongeza yote uliyoiogopa. Ukungu wa mapema mara nyingi unatokana na mkate kufungwa ukiwa moto. Mvuke unabaki ndani ya kavera na kulowesha ganda. Mkate wa nusu kilo unahitaji saa mbili mpaka tatu kwenye rafu yenye upepo, na ukiushika chini usihisi joto lolote. Watu wako wanafunga haraka kwa sababu saa saba inakaribia na boda zinapiga honi. Kubonyea ni kuumuka kupita kiasi au kutolewa kwenye tanuri kabla katikati hapajaiva. Kazi hizo zote mbili ni za mtu mwenye uzoefu, na wewe umepoteza wakandaji wanne kwa mwaka.

Hapa ndipo ninapomuuliza shemeji yako kwa heshima: kama kazi ni haba na hakuna anayeondoka, hao wanne walikwenda wapi? Mgeni anajifunza wiki tatu au nne, na katika muda huo anakata madonge makubwa kwa woga. Mshahara mdogo una gharama ambayo haiandikwi kwenye mstari wa mishahara. Huenda sehemu ya zile gramu 33 ni yao.

Wachumi wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na mifano miwili inakuhusu. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jirani yake Pennsylvania ikibaki palepale. David Card na Alan Krueger wakalinganisha mikahawa 410 ya majimbo hayo mawili. Ajira haikupungua New Jersey. Mfano mwingine ni Afrika Kusini, ambako 2013 kima cha vibarua wa mashamba kilipanda kwa mkupuo kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku, baada ya migomo. Huko wakulima wengi waliomba msamaha wa kutolipa kiwango kipya, wengine wakanunua mashine au kukata huduma walizokuwa wakitoa bure. Tofauti mojawapo ni urefu wa hatua: wa kwanza ulikuwa kama asilimia 19, wa pili 52. Wako, kutoka 130,000 hadi 250,000, ni 92. Ukiuruka siku moja, hakuna anayeweza kukuahidi utatua wapi.

Unaweza kuugawa. Tuseme hatua ya kwanza ni 170,000 kwa wale watano, waokaji 230,000, Mzee 300,000, na NSSF inaanza. Mzigo mpya unakuwa 441,000. Baada ya SACCO unabaki na 299,000, kabla hujaokoa gramu hata moja. Ni kidogo kwa nyumba yenye karo, nakiri. Lakini hatua ya pili, tuseme baada ya miezi minne, ingefungwa na namba mbili ambazo kila mtu anaziona ukutani: mikate kwa kila mfuko, na mikate iliyorudi. Hatari yake ni kwamba ukiahidi hatua ya pili na usiitimize, ni afadhali usingeahidi. Pia usimkate mtu kwa mkate ulioharibika. Tuza mafanikio, usiadhibu makosa kwenye mshahara, kwani makato holela yana sheria yake na yataleta uadui.

Kupandisha bei? Tuseme 2,600. Kila mkate sasa unakuachia 845 baada ya unga, viungo na kavera. Kwa bei mpya 945. Wateja wote wakibaki unapata 728,000 zaidi. Wakipungua mmoja kati ya ishirini, unapata kama 384,000. Wakipungua zaidi ya mmoja kati ya kumi, umepata hasara. Na mwenye duka hatauza 3,100, watu wameizoea 3,000, kwa hiyo mia yako inatoka kwenye mia tano yake. Yeye ndiye anayeamua mkate wa nani ukae mbele. Ungejaribu kwa maduka machache yanayolipa kwa wakati, wiki tatu, ukaona.

Mashine ya mumeo naiheshimu, ila tuipime. Ukiwatoa wakandaji wawili wa 130,000 unaokoa 260,000 kwa mwezi. 8,500,000 zinarudi baada ya karibu miezi 33, bila riba, umeme wala fundi. Wakiwa wa 250,000 pamoja na NSSF, unaokoa 550,000, na mashine inajilipa kwa miezi 15 au 16. Ndivyo kima cha juu kinavyoisukuma mashine ndani ya mlango, na hao wawili wanakwenda kuuza ndizi au kubeba mizigo mpakani, ambako kima chochote hakiwafikii. Kabla ya kununua, uliza kama injini yake inataka umeme wa njia tatu (three-phase) na jengo lako lina wa njia moja, na umeme ukikatika saa kumi usiku donge la kilo 40 utalifanya nini. Ina faida moja kubwa: inakanda sawasawa kila siku. Ingekufaa zaidi kama ungekuwa na soko la mfuko wa tatu, na basi usingehitaji kumtoa mtu. Je, maduka yanakuomba mikate zaidi ya unayotoa? Barua yako haikusema.

Ukifika mahali pa kupunguza watu, watatu hawafikii kumi wanaohitaji taarifa maalumu kwa afisa wa kazi, lakini kila mmoja ana haki ya sababu ya maandishi, notisi na malipo ya likizo asiyochukua. Aliyemaliza mwaka mmoja hadi chini ya mitano notisi yake ni mwezi mmoja; wa mitano hadi chini ya kumi, miezi miwili. Weka gharama hiyo kwenye hesabu ya mashine.

Kuhusu mtoto wa dada yako, nimesoma sentensi zako mara kadhaa. Unaongea kama vile kumlea na kumwajiri ni kitu kimoja. Marehemu alikuachia mtoto, hakukuachia mkandaji. Unaweza kuamua kama mwajiri kwa kipimo kilekile kwa wote, kiwe muda kazini, ustadi au mahudhurio, kiandikwe kabla ya majina. Na kama mama mdogo ukaendelea kumshika mkono kwa njia nyingine, ya ufundi au shule. Au ukaona kwamba huwezi kutenganisha hayo mawili, na hilo likakuambia kuwa kupunguza watu si njia yako. Yeye mwenyewe anataka nini? Inawezekana anaona aibu ya kulindwa kuliko unavyoona wewe aibu ya kumtoa.

Mwezi uliowaomba bado haujaisha. Kwa wiki mbili, nunua mizani ya mezani, mpe Mzee daftari, na pimeni donge moja kati ya kila kumi. Andikeni kila mkate unaorudi na sababu yake. Nenda NSSF ukaandikishe. Kisha kaa nao na uwaonyeshe ukurasa uleule ulionionyesha mimi, 18,200,000 juu na 1,190,000 chini. Huenda ukaogopa kwamba wataona faida yako. Wafanyakazi wengi wanadhani ni kubwa mara kumi.

Niandikie tena ukiwa na namba za wiki mbili hizo, na jibu la Mzee.